Mashine Isigeuzwe Ngao ya Wakwepa Lawama

Ipo kauli moja ambayo mkazi wa Nairobi ameizoea mno masikioni. Huisikia kwenye kaunta za benki katika Barabara ya Kenyatta, huisikia kwenye maduka ya simu katika Barabara ya Moi, na huisikia hata katika afisi zenye vioo vya kumetameta kule Westlands. Mteja hutoa kitambulisho na kueleza haja yake, karani hubonyeza vitufe hapa na pale, kisha huinua macho na kutamka: "Sistimu imekataa." Mazungumzo huishia hapo. Mteja hukusanya karatasi zake na kwenda zake, kwani ni nani awezaye kubishana na sistimu?

Hapo zamani kauli hiyo ilikuwa na maana nyepesi tu, kwamba umeme umepotea au mtambo umekwama, na mtu aliweza kurudi kesho yake. Leo maana hiyo imegeuka. Mara nyingi mashine haijakwama hata kidogo. Inafanya kazi barabara, na imekwisha kumpima mteja, kumlinganisha na maelfu ya wengine na kumwona hafai. Hiyo ndiyo kazi ya kile kinachoitwa akili bandia, yaani programu za tarakilishi zinazojifunza kutokana na rekodi za jana ili kubashiri mambo ya kesho. Makampuni huzitumia kuamua nani akopeshwe, nani aitwe kwa mahojiano ya kazi, bidhaa ipi ipandishwe bei na akaunti ipi ifungwe kwa kushukiwa ulaghai.

Nia ya makala haya si kudai kwamba mashine hizo zipigwe marufuku. Nia ni kusisitiza kwamba uamuzi unaogusa riziki ya mtu sharti uwe na mwenyewe, binadamu mwenye jina na cheo, anayeweza kuueleza, kuutetea na, ikibidi, kuutengua. Mashine na ihesabu, lakini jukumu libaki mabegani mwa watu.

Wako wanaodhani kwamba mjadala huu ni wa Ulaya na Marekani. La hasha. Kenya iliingia katika mambo haya mapema kuliko mataifa mengi. Mnamo Novemba 2012 kampuni ya Safaricom, ambayo makao yake makuu yako katika Barabara ya Waiyaki, ilishirikiana na Commercial Bank of Africa kuanzisha M-Shwari, huduma iliyomwezesha mtu kukopa kwa simu bila kujaza fomu wala kuonana na meneja. Kiwango cha mkopo kiliamuliwa na rekodi za mteja mwenyewe za matumizi ya simu na M-Pesa. Mwaka 2014 ikaja Tala, wakati huo ikiitwa Mkopo Rahisi, na mwaka uliofuata ikaja Branch. Januari 2019 ikafuata Fuliza. Wakati huo wote vijana wa Nairobi walikuwa wakijifunza kuunda programu katika vituo kama iHub, kilichofunguliwa katika Barabara ya Ngong mwaka 2010. Kwa hiyo, Mkenya wa kawaida alianza kupimwa na mashine kabla neno akili bandia halijawa wimbo wa kila mkutano.

Tuwe waadilifu. Mashine hizo zilifungua milango iliyokuwa imetiwa kufuli. Kabla ya hapo, aliyetaka mkopo wa benki alidaiwa hatimiliki ya ardhi, hati ya mshahara au mdhamini mwenye mali. Na meneja aliyeketi nyuma ya meza hakuwa malaika. Walikuwapo walioangalia jina la ukoo kabla ya kuangalia hesabu, na walikuwapo waliotaka chai kwanza. Utafiti wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu ya Kenya na washirika wake, unaonyesha kwamba watu wazima wanaopata huduma rasmi za kifedha waliongezeka kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi asilimia 84.8 mwaka 2024. Simu ya mkononi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Anayetaka turudi kwenye enzi za foleni na bahasha hatutakii mema.

Hata hivyo, ikiwa mashine ndiyo inayofungua mlango, ni haki yetu kuuliza pia jinsi inavyoufunga.

Tuchukue mfano wa mama mboga wa Kangemi. Alfajiri hupanda matatu hadi Marikiti katikati ya jiji, hununua nyanya na vitunguu, kisha hurudi kupanga meza yake kando ya barabara. Fedha nyingi anazoshika ni taslimu, na simu yake huitumia pamoja na binti yake. Wiki moja mtoto anaugua. Mama anatoa akiba yote kulipia matibabu, na kwa siku kumi hafanyi biashara. Kwenye rekodi, mashine inaona akaunti iliyokauka ghafla, nambari ngeni zilizotumiwa pesa, kisha kimya. Haioni ugonjwa. Wala haioni kwamba wenzake wa chama wamemwamini kwa miaka kumi na mitano bila yeye kukosa kulipa hata mara moja. Kwa mashine, kisichoandikwa hakipo. Akiomba Sh5,000 za kununulia bidhaa, jibu huja kwa nukta chache nalo ni hapana. Sababu haitajwi.

Hatari ya pili ni kwamba mashine hujifunza kutokana na jana, nayo jana yetu haikuwa ya haki. Ikiwa waliokopeshwa zamani walikuwa hasa wanaume wenye mishahara, mashine itajifunza kwamba mkopaji mwema ni mwanamume mwenye mshahara. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba kampuni ya Amazon ya Marekani ilikuwa imeachana na programu ya kuchuja maombi ya kazi kwa sababu programu hiyo ilikuwa ikiwashusha wanawake. Hakuna mhandisi aliyeiamuru ifanye hivyo. Ilisoma tu maombi ya miaka kumi, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, ikahitimisha kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa. Ubaguzi wa binadamu mmoja huishia kwenye meza yake, lakini ubaguzi ulioingia katika programu hutekelezwa mara elfu kwa siku, tena kwa sura ya hesabu isiyo na upendeleo.

Mwalimu anayesoma makala haya atalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mwanafunzi akipewa alama 34 kati ya 100, ana haki ya kuja na karatasi yake na kuuliza alipotea wapi. Mwalimu hufungua mwongozo wa kusahihishia, humwonyesha swali baada ya swali, na pengine hugundua kwamba yeye mwenyewe alijumlisha vibaya. Alama hubadilishwa, heshima ya mwalimu haipungui, na mwanafunzi huondoka akijua la kurekebisha. Mwalimu ambaye angejibu kwamba kalamu yake ndiyo iliyokataa angechekwa na shule nzima. Mbona basi tunalikubali jibu hilohilo kutoka kwa makampuni yenye mabilioni ya shilingi?

Kenya haikuketi bure. Mikopo ya simu iliposambaa, waliingia sokoni wakopeshaji wengi ambao hawakusimamiwa na yeyote. M-Shwari yenyewe ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kiwango ambacho kikirudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima hufika asilimia 90, na walikuwapo waliotoza zaidi. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya wateja kwa mashirika yanayohifadhi rekodi za mikopo, na ikaagiza kwamba mtu asiorodheshwe kwa deni lisilofika Sh1,000. Desemba 2021 Sheria ya Benki Kuu ikafanyiwa marekebisho, na Machi 2022 zikachapishwa kanuni zilizowataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni.

Upande wa data nao ulipata mlinzi. Baadhi ya programu zilikuwa zikichota majina yote yaliyohifadhiwa katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa, mwajiri wake, mkwewe na hata mchungaji wa kanisa lake walipigiwa simu. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari ilizopata kupitia watu wengine na kuwasumbua wenyewe kwa jumbe na simu za vitisho. Wakati huohuo, shule moja ya Uthiru ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wa mitaa ya magharibi mwa jiji wakatambua kwamba sheria hiyo si ya mabenki pekee.

Lakini faini hizo zilihusu data iliyotumiwa vibaya. Suala la uamuzi wenyewe limezungumzwa na wachache, ilhali sheria ilikuwa imeliona mapema. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa kila mtu haki ya kutotawaliwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, ikiwa uamuzi huo unamwathiri kisheria au kwa kiwango kikubwa. Kampuni iliyotumia mashine kufanya uamuzi wa aina hiyo inatakiwa kumjulisha mhusika kwa maandishi. Naye anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya, au ufanywe mwingine usioitegemea mashine pekee. Ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba haki hiyo ipo? Ni makarani wangapi waliofunzwa kuitaja mbele ya mteja?

Ni kweli kwamba kifungu hicho kina matundu yake. Kinga hiyo hulegea pale uamuzi wa mashine unapohitajika kwa ajili ya mkataba, unaporuhusiwa na sheria nyingine, au mhusika anapokubali. Na ni nani asiyekubali? Mtu mwenye mgonjwa hasomi kurasa kumi na mbili za masharti kabla ya kubonyeza neno "Nakubali." Idhini ya namna hiyo haina tofauti kubwa na sahihi ya aliyetiwa kisu shingoni.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wameonja chungu ya kupimwa kwa fomula, ingawa katika kisa chao mpimaji hakuwa mfanyabiashara bali serikali, na fomula yenyewe haikuwa akili bandia. Mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu, uliotangazwa Mei 2023, uliwapanga vijana katika makundi kwa kupima mambo kama hali ya wazazi, ukubwa wa familia na aina ya shule aliyosoma mtu. Mwaka 2024 makundi yalikuwa matano, na malalamiko yakatanda nchi nzima kutoka kwa wazazi walioona watoto wao wamewekwa katika kundi la wenye uwezo ilhali nyumbani hakuna kitu. Si vigumu kuona chanzo cha kosa la aina hiyo. Kijana maskini aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya fahari huonekana, kwenye rekodi, kama mtoto wa tajiri. Rufani zikafunguliwa, kamati zikaundwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Mawakili na waendelee na hoja zao. Funzo letu ni kwamba fomula ikikosea, kosa lake humwangukia mtu mwenye jina, naye huhitaji mtu mwingine mwenye jina wa kumsikiliza.

Atakayeona kwamba ninatia chumvi na ayatazame yaliyotokea Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ulipoonyesha kwamba fedha zimepungua katika afisi ndogo za posta, wasimamizi wake walishtakiwa kwa wizi. Walilia kwamba hawakuiba, lakini wakubwa waliiamini mashine kuliko watu. Zaidi ya 900 walihukumiwa. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliojitoa uhai. Baadaye ikadhihirika kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mnamo Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Huo ulikuwa mfumo wa kujumlisha na kutoa tu. Itakuwaje kwa mashine ambazo hata waliozitengeneza hawawezi kueleza kikamilifu zilifikiaje jibu fulani?

Wafanyabiashara wana majibu yao, na yafaa tuyasikilize. Husema kwamba maombi ni mengi mno kuweza kusomwa na binadamu. Hilo ni kweli, wala hakuna anayedai kila mkopo wa Sh500 upitie kwa meneja. Kinachodaiwa ni kwamba anayekataliwa apate njia ya kumfikia mtu. Wanaorudi kulalamika ni wachache kuliko wanaokataliwa, na malalamiko yao ni shule ya bure kwa kampuni, kwani ndiyo yanayoonyesha mashine inapokosea. Husema pia kwamba fomula ni siri ya biashara. Na iwe siri. Mteja hataki fomula. Anataka kujua kama alikataliwa kwa sababu ya deni la zamani, kipato kidogo, au jina linalofanana na la mtu mwingine. Hatimaye husema kwamba hata binadamu hupendelea. Naam, hupendelea, lakini binadamu anayependelea tunaweza kumwita mbele ya bodi au ya hakimu tukamuuliza. Programu haiwezi kula kiapo.

Basi kampuni yenye nia njema ifanye nini? Kwanza, kila uamuzi unaopitia kwa mashine uwe na afisa aliyetajwa kwa cheo, ambaye utendaji wake utapimwa pia kwa makosa ya mashine hiyo. Pili, maamuzi yagawanywe kulingana na uzito wake. Mashine ikikosea kukadiria idadi ya mikate itakayouzwa Jumamosi katika duka la Lavington, hasara ni mikate. Ikikosea kumfuta mtu kazi au kumnyima mkopo wa karo, hasara ni maisha ya mtu. La kwanza laweza kuachiwa mashine, lakini la pili lisiachiwe. Tatu, kabla mashine haijaanza kazi ijaribiwe kwa wateja wa aina zote, wa Kawangware na wa Kileleshwa, wanawake na wanaume, wenye mishahara na wasio nayo, kisha majaribio hayo yarudiwe kila mara, kwa kuwa hali ya soko hubadilika. Nne, zisikusanywe habari zisizohitajika. Anayekopesha pesa hana haja na picha za harusi yangu. Tano, sababu ya kukataliwa itolewe kwa lugha ambayo mteja anaielewa, Kiswahili kikiwemo.

Serikali nayo ina deni. Tarehe 27 Machi 2025 ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili bandia wa kuanzia mwaka 2025 hadi 2030. Mkakati ni jambo jema, lakini si sheria, na sheria isiyojulikana kwa raia ni sawa na taa iliyofunikwa kwa chungu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data, faini ya juu ambayo Kamishna anaweza kutoza ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kutegemea kiwango kipi ni cha chini. Kwa kampuni kubwa hiyo ni nauli ya matatu. Wabunge walitazame jambo hilo upya, na Afisi ya Kamishna ipewe watu na fedha za kukagua maamuzi ya mashine, isikae tu kungoja malalamiko.

Walimu nao wana kazi ambayo hakuna wizara itakayowafanyia. Vijana walio madarasani leo watatafuta kazi katika soko ambalo barua zao za maombi zitasomwa kwanza na mashine. Wengi wao tayari wanakopa kwa simu kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza chuoni. Si lazima kila mmoja ajue kuunda programu, ila ni lazima kila mmoja ajue kuuliza: uamuzi huu umetokana na habari gani, umefanywa na nani, na nikiupinga nitaupeleka kwa nani? Maswali hayo yanaweza kufundishwa katika somo la biashara, la hesabu, la uraia na hata la Kiswahili. Na wale watakaokuwa mameneja kesho katika majumba marefu ya Westlands na Upper Hill wajifunze mapema kwamba cheo ni dhamana. Aliyepewa mamlaka ya kuamua hawezi kuyakabidhi kwa mtambo, kisha akabaki na mshahara.

Wahenga walisema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Huenda hekima hiyo ilifaa kwa dhalimu mwenye upanga, lakini haifai kwa mashine iliyotengenezwa na watu, ikanunuliwa na watu na kuwashwa na watu. Siku nyingine ukiambiwa kwamba sistimu imekataa, usikusanye karatasi zako upesi. Uliza kwa adabu, na kwa maandishi: ni nani, hapa kwenu, aliyekataa?